Siri za Majirani Katika Riwaya: Nani Anajua, na Kwa Nini Ananyamaza

Swali: Ninaandika riwaya inayotokea katika mtaa mdogo wenye nyumba 11, na kila nyumba ina siri yake. Fundi saa aliwahi kufungwa. Mwalimu mstaafu hakuwahi kuwa na cheti cha ualimu. Mjane wa nyumba ya kona si mjane, kwa kuwa mumewe yu hai na alimkimbia. Mweka hazina wa umoja wa wakazi anachota fedha za mfuko. Msichana wa nyumba ya tisa analelewa kama mdogo wa mtu ambaye kwa kweli ndiye mama yake. Ziko nyingine za aina hiyo. Rasimu ya kwanza imekamilika, lakini wasomaji wawili niliowapa wanasema siri ni nyingi na hakuna iliyowashtua. Mmoja ameongeza kwamba alihisi kama anasoma orodha. Je, nipunguze siri, au nizifanye nzito zaidi? Nizifichue lini? Na nifanye nini na siri mbili ambazo nimezichukua kwa majirani zangu wa kweli?

Jibu: Ndugu mwandishi, wasomaji wako wamekuonyesha mahali panapouma, ingawa dawa unazozifikiria hazitaponya. Ukizipunguza siri zikabaki tano, utakuwa na orodha fupi. Ukizifanya nzito, ukamgeuza fundi saa kuwa muuaji na mweka hazina kuwa jambazi, utakuwa na orodha ya kutisha. Kwa jinsi ulivyoieleza rasimu yako, kila siri inajulikana na mtu mmoja tu, naye ni mwenyewe. Sura inafunguka, siri inatoka, sura inafungwa, tunahamia nyumba ya pili. Nyumba hizo 11 zingeweza kuwa katika miji 11 tofauti na riwaya isibadilike hata kidogo, na hapo ndipo hisia ya orodha inapotokea.

Watu wachache wanaoishi pamoja kwa miaka mingi hawaishi hivyo. Ni nadra sana mtaani kuwa na jambo ambalo hakuna anayelijua. Yupo aliyeona taa ikiwaka saa tisa usiku, yupo aliyehesabu miezi ya mimba kwa vidole, na yupo aliyeombwa mkopo na mtu ambaye jana tu alisema mambo yake ni mazuri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mtaa mdogo kata ni nyingi. Kwa hiyo kinachoisukuma riwaya ya namna hii si swali la nini kimefichwa. Kinachoisukuma ni nani anajua, nani anajua kwamba mwenzake anajua, na kila mmoja wao anafaidika nini kwa kunyamaza. Ukilishika swali hilo la tatu barabara, utagundua kwamba hukuwa na siri nyingi kupita kiasi. Ulikuwa na wanaojua wachache kupita kiasi.

Nitakupa mfano mmoja ambao mwandishi yeyote wa riwaya za jamii ndogo anapaswa kuusoma kwa makini. Katika riwaya ya Middlemarch, iliyotolewa kwa sehemu mwaka 1871 na 1872, George Eliot anamchora mwenye benki aitwaye Bulstrode, mcha Mungu wa kujionyesha, mfadhili wa hospitali, mtu wa kuwahukumu wengine. Msingi wa mali yake ni mchafu: alishiriki zamani katika biashara ya kupokea vitu vya wizi, kisha akaficha alipo binti wa mke wake wa kwanza ili urithi umwangukie yeye. Anatokea mtu wa zamani anayeyajua hayo yote na kuanza kumkamua fedha. Angalia mwandishi anavyofanya. Sisi wasomaji tunaambiwa kabla ya mji kujua. Hatungojeshwi ukweli huo hadi mwisho. Baadaye mtu yule wa zamani anaropoka kwa mfanyabiashara wa farasi, habari inafika kwenye nyumba ya wageni wanakonywea watu, na ndani ya muda mfupi mji mzima unajua. Mke wa Bulstrode bado hajui.

Sura ya 74 ni darasa kamili. Mume amerudi kutoka mkutanoni akiwa amevunjika, na mke haelewi. Anakwenda kwa daktari, hapati jibu. Anawatembelea rafiki zake wa kike mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anampokea kwa upole usio wa kawaida, maneno yakiwa yamepimwa na macho yakikwepa, mpaka upole huo wenyewe unamtia hofu kuliko tusi. Mwishowe kaka yake ndiye anayemwambia. Anarudi nyumbani, anajifungia chumbani, anavua mapambo yake yote, anavaa gauni jeusi lisilo na urembo, kisha anashuka kukaa karibu na mumewe. Hakuna siri mpya inayofichuliwa kwa msomaji katika kurasa hizo. Tulikwisha kujua yote. Hata hivyo ndizo kurasa zenye uzito mkubwa kuliko zote zinazomhusu Bulstrode, kwa sababu tunamtazama mtu asiyejua bado akitembea nyumba hadi nyumba katikati ya watu wanaojua.

Sasa turudi mtaani kwako, na nichukue siri mbili kati ya zile ulizonitajia, ya mjane na ya mwalimu. Katika rasimu yako, kama nilivyoelewa, hazigusani. Zigusanishe. Tuseme mume aliyekimbia alikuwa mwanafunzi wa mwalimu huyo katika ujana wake. Tuseme pia kwamba alipofanya kazi ya ukarani aliwahi kuona majalada ya shule na kugundua kwamba mwalimu hakuwa na cheti. Hakumshtaki, alinyamaza, na mwalimu akajua kwamba amenyamaziwa. Miaka ikapita. Siku mwanamke yule alipotangaza kwamba mume amefia safarini, mtaa ukaja kumpa pole, na mwalimu akasimama mbele ya watu akatoa maneno mazuri ya kumsifu marehemu. Miezi kadhaa baadaye barua iliyoandikiwa mwanamke yule inaachwa kwa mwalimu kwa bahati mbaya, kwa sababu nyumba ya kona ilikuwa imefungwa. Mwalimu anaitazama bahasha na kuutambua mwandiko, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtu huyo kuandika herufi zake.

Afanye nini? Mtu yeyote mwingine mtaani angekuwa na jambo la kusimulia jioni ile. Mwalimu hana, kwa sababu maiti huyu akifufuka, mtu anayeijua siri ya cheti atakuwa amefufuka pia. Kwa hiyo anaipeleka bahasha mwenyewe, anaikabidhi mkononi, anasema iliachwa kwake, na hasemi zaidi. Mwanamke anaitazama bahasha, anamtazama mwalimu, na anatambua kwamba huyu ameshajua mwandiko ni wa nani. Asichokijua ni kwa nini amenyamaza. Anaanza kumwogopa. Kuanzia siku hiyo kila wema wa mwalimu, kuanzia kumsaidia kutengeneza mlango hadi kumsalimia mwanawe, unaonekana kwake kama deni linaloandikwa mahali. Naye mwalimu anaiona hofu ile na kuidhania kuwa ni dharau: labda mume alimwambia kuhusu cheti kabla hajaondoka. Watu wawili waliofungwa kwenye kamba moja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeishika. Hatujaongeza siri yoyote wala damu yoyote. Tumeongeza mtu anayejua na sababu yake ya kunyamaza, na tumepata sura nne au tano ambazo hapo mwanzo hazikuwapo.

Ili kuifanya kazi hiyo kwa mtaa mzima, chora jedwali. Weka wahusika wako 11 kwa mlalo na siri 11 kwa wima, kila siri na safu yake. Ukiondoa kila mtu na siri yake mwenyewe, unabaki na visanduku 110. Katika kila kisanduku andika neno moja kati ya manne: hajui, anashuku, anajua, au anajua naye mwenye siri anajua hivyo. Visanduku vingi vitabaki na «hajui», na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kama safu nzima ya siri fulani imejaa «hajui», siri hiyo haina kazi mtaani; itafutie anayejua au iondoe. Kisha, kwa kila «anajua», andika kwa penseli sababu ya ukimya: woga, huruma, aibu, faida, mapenzi, deni, au uvivu tu. Uvivu usiudharau. Watu wengi hawatoboi siri za jirani kwa sababu ya usumbufu utakaofuata, na mhusika anayenyamaza kwa kuwa hataki kuitwa shahidi ni mhusika wa kuaminika sana. Utaona pia kwamba jedwali moja halitoshi kwa riwaya nzima, kwa sababu majibu hubadilika. Lichore upya kwa kila theluthi ya kitabu, na tofauti kati ya majedwali hayo matatu ndiyo msuko wako.

Usisahau kuweka angalau siri moja ambayo kila mtu anaijua, ila mwenyewe hajui kwamba wanaijua. Kwa maoni yangu siri ya msichana wa nyumba ya tisa ndiyo inayofaa. Familia imejenga maisha yake yote juu ya hadithi kwamba huyu ni mdogo wa yule. Mtaa uliitazama familia ile ikihama kwa miezi sita na kurudi na mtoto mchanga, na ukaamua, bila kikao wala makubaliano, kuikubali hadithi. Katika ukimya wa namna hiyo mna ukarimu, na mna pia ukatili, kwa sababu watu wale wale wanaoilinda hadithi ndio wanaoitumia kujipima kuwa bora. William Faulkner aliijua hali hiyo vizuri. Katika hadithi fupi ya A Rose for Emily, iliyochapishwa mwaka 1930, harufu mbaya inatoka katika nyumba ya bibi mwenye hadhi. Wakubwa wa mji wanaona ni utovu wa adabu kumwambia mwanamke wa heshima kwamba nyumba yake inanuka, kwa hiyo wanaume wanne wanajipenyeza uani usiku wa manane na kunyunyiza chokaa. Wanaficha dalili za siri ambayo wenyewe hawakutaka kuijua. Katika kisa hicho mji mzima ni mshirika, na wala hakuna aliyesema uongo hata mara moja.

Mfano huo unatuleta kwenye suala la msimulizi, ambalo hukuliuliza lakini ndilo linaloamua mengine. Hadithi ile inasimuliwa kwa «sisi», yaani sauti ya mji wenyewe. Nafsi ya kwanza wingi ina nguvu kubwa katika riwaya ya majirani kwa kuwa inaona kila kitu kutoka nje na haiingii ndani ya mtu. Inasikia, inakisia, inahukumu, na inajisahau yenyewe katika hukumu hiyo. Udhaifu wake ni kwamba huchosha ikiburutwa kwa kurasa 300, na inakunyima chumba cha ndani cha mhusika. Msimulizi maizi, anayeweza kuingia katika nyumba zote, anakupa chumba hicho, lakini anakuletea mtego mwingine: ukishaingia kichwani mwa mjane akiwa peke yake usiku, ukamwonyesha akifikiria mboga, hali ya hewa na ada ya mtoto, lakini hafikirii hata kidogo kwamba mumewe yu hai, umemdanganya msomaji, naye atakapogundua hatakusamehe. Wapo waandishi waliofanikiwa kuuficha ukweli ndani ya kichwa cha msimulizi wao, na sitawataja kwa sababu kuwataja ni kuviharibu vitabu vyao. Wote lakini walilipa gharama ya kuandika kila sentensi ili iweze kusomwa mara mbili kwa maana mbili. Kama hauko tayari kwa kazi hiyo, chagua: ama ingia kichwani na utuambie, ama baki nje na ututazamishe.

Ningekushauri uchukue wahusika watatu au wanne uwaingie, na wengine wote uwatazame kutoka nje kwa macho ya hao. Mwalimu na mjane wawe miongoni mwao. Mweka hazina asiwe. Siri ya fedha inavutia zaidi ikitazamwa kwa mtu anayehesabu risiti zisizolingana kuliko kwa mwizi anayejua hesabu yake.

Ukishaingia kichwani mwa mwenye siri, uwe mwangalifu na picha iliyozoeleka ya mtu anayetetemeka kila anapoulizwa swali. Mwaka 2017 Michael Slepian, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake wawili walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu hukutana na siri zao mara nyingi zaidi wakiwa katika mawazo yao wenyewe kuliko wakati wa kuzificha mbele ya mtu mwingine, na kwamba ni kule kuzirudiarudia akilini ndiko kunakoambatana na kupungua kwa hali njema. Kwa mwandishi huo ni ugunduzi wa maana. Mjane wako amefanya mazoezi ya kudanganya kwa miaka; akiulizwa kuhusu marehemu anajibu bila kusita, pengine hata kwa machozi ambayo kwa wakati huo ni ya kweli. Panapomlemea ni pale anapokunja shati la mwanawe ambalo limeanza kulingana na mabega ya baba yake. Weka uzito wako hapo, na mbele ya majirani mwache awe hodari.

Kuhusu umbeya, waandishi wengi huutumia kama bomba la kusafirishia habari: fulani kamwambia fulani, basi mtaa umejua. Ni matumizi duni ya kitu chenye thamani. Max Gluckman, mwanaanthropolojia aliyeandika makala mashuhuri kuhusu umbeya na kashfa mwaka 1963, alieleza kwamba kusengenyana ni mojawapo ya vitu vinavyoifunga jamii pamoja, na kwamba haki ya kusengenya ni alama ya uanachama; mgeni hana haki hiyo, na hata akitaka kuitumia hawezi, kwa sababu hajui historia. Kama una mgeni aliyehamia mtaani, na karibu kila riwaya ya aina hii huwa naye, usimfanye kuwa sikio la kumwagiwa siri zote katika sura ya pili. Mwache akae miezi bila kuambiwa kitu. Watu wabadilishe mazungumzo anapofika. Kisha siku moja, jirani akiwa anaanika nguo, amwambie jambo dogo tu kuhusu mweka hazina, na mgeni ajue, bila mtu kumwambia, kwamba sasa amepokelewa. Sura hiyo moja itafanya kazi mbili: itatoa habari, na itabadilisha nafasi ya mtu katika mtaa.

Pia kumbuka uvumi usio wa kweli. Rasimu yako, kwa maelezo yako, ina siri za kweli tupu, na hilo linampa msomaji raha asiyostahili, kwa sababu kila anachokishuku kinageuka kuwa sahihi. Mtilie nyumba moja ambayo mtaa umeipachika siri isiyo yake. Fundi saa ndiye anayefaa. Alifungwa kweli, lakini kwa kosa dogo la ujana. Mtaa, uliosikia nusu ya habari, umeijaza nusu nyingine kwa jambo baya zaidi. Lisemwalo lipo, watasema, na kama halipo laja. Naye, kwa kuwa kulikanusha kubwa ni lazima akiri dogo, ananyamaza na kubeba lote. Msomaji aamini uvumi huo pamoja na mtaa kwa kurasa 100, na atakapojua ukweli aone haya kidogo kwa jinsi alivyoamini upesi.

Sasa lile swali lako la wakati wa kufichua. Hapa kuna tofauti ambayo waandishi wapya huichanganya: kumfichulia msomaji na kuwafichulia majirani ni matukio mawili, na yasitokee kwa wakati mmoja ila mara chache. Mwongozaji filamu Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut yaliyochapishwa mwaka 1966, aliieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila sisi kujua tunapata mshtuko wa sekunde 15, lakini tukijua lipo huku wahusika wakizungumza mambo ya kawaida tunapata taharuki ya dakika 15. Wasomaji wako wanasema hakuna siri iliyowashtua, nawe umedhani unahitaji mshtuko mkubwa. Ninavyoona mimi, mshtuko si mahali pa kuwekeza. Msomaji wa riwaya ya majirani anaufungua ukurasa wa kwanza akijua tayari kwamba kuna siri. Amejiweka tayari, na aliyejiweka tayari ni vigumu kumshtua. Lakini unaweza kumfanya ajue kuhusu mwandiko ule kwenye bahasha, kisha umkalishe katika mkutano wa umoja wa wakazi ambapo mwalimu na mjane wamepangwa bega kwa bega kuandika barua ya pamoja kwa mkono, na akatazama kalamu ikipita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo mpe msomaji siri mbili kubwa katika robo ya kwanza ya kitabu. Siri ya kwanza kuwafikia majirani hadharani na ije kabla ya nusu, si karibu na mwisho, ili tupate muda wa kuishi na matokeo yake. Riwaya nyingi za aina hii huanguka kwa sababu zinahifadhi kila kitu kwa ajili ya sherehe moja au mazishi mamoja ambapo watu wote wapo na kila mtu anapasua yake. Ni mandhari ya tamthilia za televisheni, na ikishapita hakuna kinachobaki kuandikwa. Ningependa zaidi uifichue siri ya mweka hazina katikati ya kitabu, kisha ututazamishe wiki zinazofuata: nani ameacha kumsalimia, nani ameanza kumsalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani ili aonekane muungwana, mkewe anapita njia gani sasa anapotoka, na ni nani kati ya majirani anayelala vibaya kwa sababu hesabu zikikaguliwa litaonekana jina lake pia.

Kigezo ni hiki: siri ikitoka, lazima uhusiano wa watu wawili angalau ubadilike kwa kitendo kinachoonekana. Kama baada ya ufichuzi watu wanaendelea kuzungumza, kupishana na kusaidiana kama jana, umetoa taarifa tu. Na siri moja usiitoe kamwe. Msomaji aijue, mtaa usiijue, na kitabu kiishe hivyo. Ile ya mwalimu naiona inafaa kubaki, kwa kuwa alifundisha vizuri kwa miaka 30 bila cheti, na sioni mtaa ungeifanyia nini habari hiyo zaidi ya kuivuruga kumbukumbu ya nusu ya watu waliojifunza kusoma kwake. Ila huo ni uamuzi wako.

Jambo dogo la ramani. Chora mtaa wenyewe, uonyeshe madirisha yanatazama wapi, ukuta upi unapitisha sauti, na nani hawezi kufika kwake bila kupita mbele ya nani. Nyumba ya kona ina faida na hasara zake: inaona njia mbili na inaonekana kutoka njia mbili. Ikiwa riwaya yako inatokea siku hizi, weka simu pia katika ramani hiyo. Ujumbe uliokusudiwa kwa mtu mmoja unaweza kutumwa kwenye kundi la wakazi wote, ukafutwa baada ya dakika moja, na watu watatu wakawa wameshaupiga picha. Simu imeondoa ile nafasi ya zamani ya kukana, na mwandishi anayejifanya haipo ataulizwa maswali.

Nimalizie na siri mbili ulizozichukua kwa majirani wa kweli. Waandishi wote huchukua kutoka kwa walio karibu nao, na sitakuambia uache. Lakini kubadilisha jina, umri na rangi ya nyumba hakumfichi mtu katika jamii ndogo, kwa sababu watu huko hawamtambui mwenzao kwa jina. Humtambua kwa mfululizo wa matukio. Grace Metalious, aliyetoa riwaya ya Peyton Place nchini Marekani mwaka 1956, aliishi katika mji mdogo wa Gilmanton, jimbo la New Hampshire, na wakazi wengi wa mji huo waliamini amewaandika wao na wakamchukia kwa hilo, ingawa mji wa kitabuni una jina la kubuni. Tena kitabu chake kinatufundisha jambo lingine. Katika muswada, mwanamume anayemdhulumu msichana alikuwa baba yake mzazi. Mchapishaji akataka abadilishwe awe baba wa kambo, na mwandishi hakuridhika na mabadiliko hayo. Kipande kimoja cha habari kikibadilishwa kwa ajili ya tahadhari, maana ya kisa kizima inaweza kuhama.

Kwa sababu hiyo sikushauri uzifunike siri hizo mbili kwa kubadilisha vipande. Zivunje. Jiulize ni nini hasa kilichokugusa katika kila moja. Huenda si tukio. Huenda ni namna mtu yule alivyokuwa akifunga mlango mara mbili, au jinsi mkewe alivyokuwa akijibu kabla yake kila alipoulizwa swali. Kichukue hicho peke yake, kipe mhusika mwingine kabisa mwenye siri nyingine kabisa, na tukio lenyewe liache kwa mwenyewe. Na kama mojawapo uliambiwa na mwenye nayo kwa mdomo wake, katika hali ya kukuamini, basi iondoe katika rasimu kabla hujampa msomaji wa tatu, hata kama ndiyo sura bora uliyonayo. Kwenye jedwali lile la visanduku 110, safu yake itakapofutwa, utaona wahusika wawili au watatu wamebaki bila sababu ya kunyamaza. Anza rasimu ya pili kwa hao.